Klabu ya muziki ya marafiki: kwa nini wimbo unaokuliza wewe unawapita wenzako, na namna ya kuuleta mbele yao

Swali la msomaji

Ndugu mtaalamu, salaam. Tuko marafiki wanane na mwaka huu tumeanzisha klabu ya muziki. Tunakutana mara moja kwa mwezi, kila mtu anakuja na nyimbo tatu zenye maana maishani mwake, tunazisikiliza, tunaongea. Kikao cha kwanza kilinoga. Cha pili watu walianza kuchezea simu. Cha tatu mwenzetu mmoja aliweka wimbo uliopigwa siku ya kumzika baba yake. Ulipofika katikati mtu akauliza, "Huu unaisha saa ngapi?" Mwenye wimbo akauzima, na tangu siku hiyo haji. Hata mimi naona kwamba nyimbo zinazonitoa machozi nikiwa peke yangu zinapoa kabisa nikiziweka mbele yao. Tunakosea wapi?

Jibu

Ndugu msomaji,

Nianze na hilo la mwisho, la nyimbo kupoa, kwa sababu mengine yote yanatoka humo.

Mwaka 2001 watafiti Anne Blood na Robert Zatorre wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walipima ubongo wa watu 10 wenye mafunzo ya muziki wakati wakisikiliza muziki unaowasisimua mwili. Kila mmoja alileta muziki aliouchagua mwenyewe, ule ambao ukifika mahali fulani vinyweleo vinamsimama. Watafiti walihitaji pia muziki wa kulinganishia, usiomgusa msikilizaji kwa kiasi hicho. Wakafanya jambo rahisi: wakachukua muziki wa mshiriki mmoja wakamsikilizisha mwingine. Uleule uliompa huyu msisimko ukawa wa kawaida kwa yule. Klabu yenu inarudia jaribio hilo kila mwezi na inapata jibu lilelile.

Chanzo chake ni mazoea. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba mtu huelekea kukipenda zaidi kitu alichokwisha kukutana nacho mara kadhaa, hata bila kukichunguza. Wimbo wako umeusikia pengine mara mia mbili. Unajua gitaa linaingia wapi, unajua mwimbaji atavuta pumzi kabla ya neno gani, na sehemu kubwa ya raha yako iko kwenye kungojea. Mwaka 2011 watafiti wa McGill walionyesha kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayohusiana na raha, hutolewa ubongoni kabla hata ya kilele cha wimbo kufika, wakati msikilizaji akikitarajia. Wenzako hawana cha kutarajia. Kisha wimbo wako umebeba siku fulani, chumba fulani, mtu fulani, na hivyo vyote havimo kwenye rekodi.

Kwa hiyo ubaridi unaouona si dharau wala kukosa hisia. Ni pengo kati ya masikio ya mara ya mia mbili na masikio ya mara ya kwanza. Dawa yake ni mbili: kila wimbo usikilizwe mara mbili katika kikao hichohicho, na kabla ya mara ya kwanza msikilizaji apewe kitu kimoja cha kungojea. Mambo mengine nitakayoyasema yapo ili hayo mawili yawezekane.

Hesabu ya muda

Watu wanane kwa nyimbo tatu ni nyimbo 24. Kwa dakika nne kila wimbo ni dakika 96 za muziki mtupu. Ongeza dakika tatu za maneno kwa kila wimbo, mmefika karibu saa tatu. Hakuna sikio linalosikiliza kwa makini muda huo wote. Simu mlizoziona kikao cha pili ni uchovu tu.

Punguzeni mpaka wimbo mmoja kwa mtu, na watu wanne kwa kikao. Wanne wengine zamu yao ni mwezi unaofuata, na mwezi huu kazi yao ni kusikiliza tu. Kila zamu ipewe dakika 20, zinazogawanyika hivi: dakika 1 ya utangulizi, dakika 4 au 5 za wimbo, nusu dakika ya kimya, dakika 2 au 3 za kisa, wimbo tena, kisha dakika 6 au 7 za mazungumzo. Zamu nne ni dakika 80, na mapumziko ya dakika 15 baada ya zamu ya pili. Saa moja na dakika 35, watu wanaondoka wangali na hamu.

Wapo watakaolalamika kwamba wimbo mmoja ni mchache mno. Kipindi cha redio cha BBC, Desert Island Discs, kilichoanza 1942, kimemwekea kila mgeni kikomo cha rekodi 8 kwa maisha yake yote, na mwishoni humtaka achague moja tu. Ukomo huo ndio unaomfanya mgeni apime na kujieleza. Mtu aliyeruhusiwa nyimbo tatu huleta mbili za kujazia.

Kuchagua wimbo

Mwenye zamu aanze na nyimbo tatu nyumbani, apunguze. Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: je, unaweza kusema kwa sentensi moja ni nini *ndani ya wimbo* kinachokushika? Si kilichotokea maishani mwako wakati ule, bali kilichomo kwenye sauti yenyewe. "Ngoma zinanyamaza ghafla na sauti inabaki peke yake." "Besi inashuka ngazi moja moja mpaka mwisho wa ubeti." Ukiipata sentensi hiyo, wimbo una mlango wa kuwaingizia wengine. Ukikosa kabisa, huenda wimbo huo thamani yake yote iko kwenye kumbukumbu yako. Bado unaweza kuuleta, ila ujue kwamba kisa ndicho kitakachobeba mzigo, na usiwadai watu wausifie wimbo.

Jambo hili huwasumbua zaidi marafiki waliopishana umri. Muziki unaobebana sana na kumbukumbu za mtu huwa ni ule aliousikia tangu kubalehe hadi miaka ya ishirini na kitu. Aliyezaliwa miaka kumi kabla yako ana hazina nyingine kabisa, na wimbo ambao kwako ni mlio wa tangazo tu, kwake ulikuwa ndio wimbo wa ujana.

Ukishachagua, tafuta *rekodi yenyewe* uliyoizoea. Hapa watu wengi huteleza. Wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi ya kwanza, rekodi ya jukwaani, rekodi iliyosafishwa upya, na nyingine ambayo mwimbaji aliirudia baada ya miaka ishirini kwa vyombo tofauti, zote kwa jina lilelile na picha inayofanana. Linganisha urefu wa wimbo mpaka sekunde, angalia mwaka, na sikiliza mpaka mwisho kabla ya siku yenyewe. Kwa nyimbo za santuri ndogo za mizunguko 45, hasa za rumba ya Kongo na soul ya Marekani, kuna mtego wa ziada: nyimbo ndefu ziligawanywa nusu upande A na nusu upande B, na nakala unayoipata intaneti wakati mwingine ni nusu ya kwanza pekee. Inakatika palepale magitaa yanapoanza kuchangamka, na wewe unabaki unaeleza kwa mdomo kile ambacho watu wangekisikia wenyewe.

Kama uliuzoea wimbo kutoka kwenye kanda, usishangae ukiona nakala ya kidijitali iko juu kidogo au chini kidogo. Mota za redio za kanda hazikuzunguka kwa kasi moja, na kasi ikibadilika sauti nayo hupanda au kushuka. Ikiwa kanda yako ingalipo na kumbukumbu yako imo kwenye mikwaruzo yake, ileteni hiyohiyo. Ni uamuzi halali kabisa, na mara nyingi ndio bora.

Siku tatu kabla ya kikao, wenye zamu wamtumie mratibu wa klabu, nadhani ni wewe uliyeniandikia, jina la wimbo, mwimbaji, urefu, rekodi ipi, na neno moja: mwepesi au mzito. Wamtumie mratibu peke yake. Wakiutupa kwenye kundi la ujumbe, watu watausikiliza nusu kwenye kispika cha simu wakiwa njiani, na mara ya kwanza itakuwa imeharibika.

Mratibu ndiye anayepanga foleni. Wimbo mzito usiwe wa kwanza, kwa sababu masikio hayajatulia, wala usiwe wa mwisho, kwa sababu watu wataondoka na uzito ambao haujazungumzwa. Nafasi yake nzuri ni ya pili, kabla tu ya mapumziko. Mwenye wimbo anapata dakika 15 za kupumua, na anayetaka kukaa naye kando anapata nafasi ya kufanya hivyo bila watu wote kutazama.

Maneno kabla, kisa katikati

Hili ndilo badiliko litakaloleta tofauti kubwa kuliko yote, nalo halina gharama.

Kabla ya mara ya kwanza, mwenye wimbo aseme mambo manne na kunyamaza: jina la wimbo na mwimbaji, mwaka au kipindi, wimbo unahusu nini kwa sentensi moja kama lugha ni ngeni, na kile kitu kimoja cha kungojea. Mfano: "Baada ya kiitikio cha pili, kwenye dakika ya 2 na sekunde 40, sikilizeni sauti ya mwanamke inayoingia nyuma." Basi. Wasikilizaji sasa wana miadi na wimbo. Hata aliyeanza kuchoka atasubiri ile dakika ya pili.

Kisa chako kikae *baada* ya mara ya kwanza. Ukianza na kisa cha msiba, watu hawasikilizi tena wimbo, wanakusikiliza wewe. Wanapanga nyuso zao. Wanaogopa kukohoa. Baadaye hawana la kusema isipokuwa "pole" na "wimbo mzuri sana", na wewe unarudi nyumbani ukihisi hawakusikia chochote. Waachie mara ya kwanza iwe yao. Kisha wape kisa kwa dakika mbili au tatu: lini, wapi, ulikuwa na nani, wimbo ulikuwa ukitokea kwenye chombo gani. Maelezo madogo ya aina hiyo, kwamba redio ilikuwa juu ya kabati, kwamba mtu alikuwa akiuimba akiwa amekosea maneno, yanafanya kazi kuliko kusema "ulinigusa sana". Halafu wimbo upigwe tena. Mara ya pili wanausikia wakiwa na masikio yao na kidogo ya masikio yako. Hapo ndipo utaona mtu aliyekuwa ameegemea kiti anakaa sawa.

Kuna jambo moja ninalolitenga na kanuni hiyo. Wimbo wa msiba, wa kuachwa, wa ugonjwa, mwenyewe aonye kwa sentensi fupi kabla ya kuuweka: "Wimbo huu kwangu ni mzito, nitaeleza baadaye." Onyo hilo tu. Lingekuwepo katika kikao chenu cha tatu, lile swali lisingeulizwa. Aliyeuliza hakujua amekaa mbele ya nini.

Kwa wimbo wa lugha isiyoeleweka na wote, andaa karatasi ya maneno, mstari wa asili na tafsiri yake chini, ukurasa mmoja usiozidi. Igawe kabla ya mara ya pili, si ya kwanza, maana jicho likishaanza kusoma sikio hulegea. Nyimbo ambazo ni mashairi zaidi kuliko muziki, zile za gitaa moja na masimulizi marefu, ndizo pekee ambazo ningezipa karatasi tangu mwanzo.

Wimbo ukizidi dakika saba, amueni mapema: upigwe wote mara moja na kipande tu mara ya pili, au kipande mara zote mbili. Katika kukata kipande, kosa la kawaida ni kuchukua kiitikio chenyewe, ile sehemu tamu. Utamu wake unatokana na safari ya kukifikia. Chukua dakika tatu zinazoelekea kwenye kilele, acha kilele kipite, halafu ushushe sauti polepole kwa sekunde tano au sita.

Sauti na vyombo

Nitakaa kidogo hapa kwa sababu vikao vingi huvurugwa na vitu vya kijinga.

Nyimbo zote, isipokuwa ile ya kanda kama ipo, zipigwe kutoka kifaa kimoja, nazo ziwe zimepakuliwa kabla. Kubadilishana simu kila zamu kunakula dakika tatu tatu na kunaleta viwango tofauti vya sauti. Kifaa hicho kiwekwe kwenye hali ya ndegeni, kisha Bluetooth iwashwe tena kama ndiyo mnayoitumia. Bila hivyo, mlio wa ujumbe utaingia katikati ya ubeti kupitia spika kubwa. Waya ni bora kuliko Bluetooth kama spika yenu ina tundu lake: haukatiki na hauishiwi chaji.

Kisha zimeni vitu viwili kwenye programu ya muziki. Cha kwanza ni ule mtindo wa programu kuendelea yenyewe na wimbo mwingine unaofanana na uliokwisha. Cha pili ni ule wa kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata. Hivi ndivyo vinavyoua kile kimya cha mwisho, na kimya hicho ni nusu ya thamani ya kikao. Wimbo unamalizika, mtu ana machozi, na ghafla tarumbeta za wimbo msioujua zinalipuka.

Kuhusu ukubwa wa sauti: rekodi za zamani huwa chini kuliko za karne hii, ambazo nyingi zimebanwa ili zisikike kubwa. Sikio la binadamu hulipenda lililo kubwa zaidi, hata tofauti ikiwa ya desibeli moja au mbili ambayo mtu haioni kama tofauti ya sauti. Anaona tu kwamba ule ni "mzuri zaidi". Kwa hiyo wimbo wa 1965 ukifuata wa mwaka jana bila kurekebishwa, umeshashindwa kabla ya kusikilizwa. Programu nyingi zina kitufe cha kusawazisha sauti. Spotify kwa kawaida husawazisha kwenye −14 LUFS, ambacho ni kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika na sikio. Washeni kitufe hicho. Hata hivyo msikitegemee peke yake. Nusu saa kabla ya watu kufika, mratibu apige sekunde 20 za sehemu kubwa kabisa ya kila wimbo akiwa ameketi kwenye kiti cha msikilizaji, aandike namba ya sauti inayofaa kando ya jina la wimbo. Wakati wa kikao anageuza tu mpaka kwenye namba aliyoiandika.

Sauti iwe juu kidogo ya mazungumzo, kama desibeli 70 hadi 75 mahali watu walipokaa. Programu za simu za kupimia sauti hazina usahihi kamili lakini kwa kazi hii zinatosha. Shirika la Afya Duniani huhesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo salama kwa mtu mzima, kwa hiyo hapo mko mbali na hatari.

Kama mna spika mbili, zitenganisheni mita mbili hivi, ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na viti viwe umbali kama huo mbele ya spika au zaidi kidogo. Msizisukume kwenye pembe ya chumba: kuta mbili na sakafu huikuza besi mpaka inameza maneno. Kama ni spika moja ndogo, iweke ukingoni mwa duara, siyo katikati, ili wote waelekee upande mmoja na wasilazimike kutazamana usoni wimbo unapopigwa. Watu wengi hawawezi kuguswa huku wakitazamwa. Meza ngumu hutetemeka pamoja na spika, kwa hiyo tandika kitambaa kilichokunjwa mara nne chini yake. Feni izimwe kwenye nyimbo za sauti ya chini.

Baada ya wimbo

Wimbo ukiisha, nusu dakika ya kimya. Mratibu ahesabu pumzi zake nane, taratibu. Itawakera vikao viwili vya kwanza, kisha mtaanza kuihitaji.

Mwenye wimbo asiulize "Mmeuonaje?" Swali hilo linamlazimisha kila mtu atoe hukumu, na marafiki wakilazimishwa kuhukumu hudanganya. Mratibu ndiye afungue, na maswali yake yafuate mpangilio huu: umesikia nini, kimekukumbusha nini, una swali gani. "Nimesikia kama anaimba huku anatabasamu" ni zawadi kwa mwenye wimbo, kwa sababu pengine katika miaka yote hiyo hakuwahi kulisikia hilo. Asiyeupenda wimbo ana haki ya kusema, akianza na alichokisikia: "Haujanishika, ila zile ngoma za mwanzo ningezisikiliza tena." Hakuna anayeumizwa na sentensi hiyo.

Kataeni alama. Klabu zikianza kutoa pointi kati ya kumi, ndani ya miezi michache kila mtu analeta nyimbo zitakazoshinda, na zile za moyoni zinabaki nyumbani. Kataeni pia "mimi nina wimbo kama huo, ngoja niuweke", jambo linalofanywa kwa nia njema na linalompora mwenye zamu dakika zake. Na simu ziwe mbali, maana daima kuna mtu atakayeanza kusoma kwa sauti historia ya bendi. Historia ina nafasi yake kwenye mapumziko.

Mtu akilia, msifanye lolote la haraka. Msizime wimbo. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba mwenye wimbo ndiye pekee anayeweza kusimamisha, kwa kuinua kiganja, na mratibu amwangalie. Kinachosemwa kwenye visa hakitoki nje ya watu wanane. Orodha ya nyimbo inaweza kutoka.

Mwenzenu aliyeondoka

Hili lisisubiri kikao kijacho. Msimtumie ujumbe wa pamoja wa kuomba radhi, kwa kuwa utamweka tena mbele ya watu saba. Aliyeuliza "unaisha saa ngapi" aende kwake mwenyewe au ampigie, aseme alichofanya bila kueleza kwamba alikuwa amechoka, na asijitetee kwamba hakujua. Wewe kama mratibu mtafute siku nyingine, umwambie mambo mawili ya wazi: kwamba mmebadilisha utaratibu, ukimweleza unavyokwenda sasa, na kwamba anaweza kuja vikao viwili kama msikilizaji bila zamu.

Wimbo wake msiupige bila yeye, hata kwa kumheshimu. Ulikatwa katikati, na wa kuumalizia ni yeye peke yake. Siku moja akitaka, mpeni nafasi ya pili kabla ya mapumziko, na aamue kama ataeleza kisa au ataacha wimbo upigwe mara mbili bila neno. Kama hatarudi kwenye klabu, muulize kama angependa kuusikiliza na wewe tu, wawili, mpaka mwisho.

Kwa walio mbali

Mmoja wenu akihama, msimpigie wimbo kupitia kipaza sauti cha simu ya video. Programu za mikutano zimetengenezwa kuchuja kila kisichofanana na sauti ya mtu anayeongea, na muziki unaoendelea huhesabiwa kuwa kelele: unakuja ukikatikakatika, besi imepotea. Zoom ina mpangilio wa kuacha sauti ya asili ipite bila kuchujwa, na unasaidia. Ila njia safi zaidi ni kila mtu awe na rekodi ileile kwenye kifaa chake, vipaza sauti vizimwe, mratibu ahesabu tatu, mbili, moja, wote wabonyeze pamoja. Mtapishana kwa sehemu ya sekunde na hakuna atakayejua. Msijaribu kupiga makofi au kuimba pamoja, maana ucheleweshaji wa mtandao utawavuruga.

Daftari

Awepo mmoja wa kuandika: tarehe, wimbo, mwimbaji, rekodi ipi na urefu wake, nani aliuleta, na sentensi moja iliyosemwa na msikilizaji. Kesho yake, orodha ya nyimbo nne itumwe kwa wote, ili zisikilizwe tena wakati kila mtu akiwa na shughuli zake. Hakuna wa kuulizwa kama amesikiliza.

Kila baada ya vikao sita fanyeni kimoja cha kurudia. Hapo mtakuwa na nyimbo 24 kwenye daftari, zilezile 24 mlizokuwa mkitaka kuzimaliza kwa usiku mmoja. Kila mtu achague wimbo mmoja ulioletwa na mwenzake, ambao umemrudia kichwani bila kuuita, na aeleze ulimjia akiwa anafanya nini. Aliyeuleta wimbo huo mwanzoni akae kimya mpaka wimbo uishe. Kikao hicho kipangieni dakika 30 zaidi ya kawaida, kwa sababu wenye nyimbo huwa na mengi ya kuuliza.